"Ndiyo" yetu imeshuka bei: uzi kwa sisi tuliookoka na bado tunasema "niko njiani"

Nyar_Kisumo (mwenye uzi)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Sikuanzisha uzi huu ili tufunzane kwamba kushuhudia uongo ni dhambi. Hilo kila mtu alilikariri Shule ya Jumapili, na wanaopanga ushahidi wa uongo mahakamani hawasomi nyuzi kama hizi. Nataka tuongee juu ya ule uongo wenye adabu, tunaousema tukitabasamu, na mara nyingi tunauvalisha jina la Mungu ili upite bila maswali.

Wasikilize watu wa kanisa siku moja tu. Mtu amealikwa kwenye mchango wa harusi na hana nia ya kwenda. Hasemi "sitakuja." Anasema "Mungu akipenda." Mwingine ameombwa mkopo, anajibu "wacha nilipeleke kwa maombi," na pande zote mbili zinajua hakuna maombi yatakayofanywa. Wa tatu bado anavaa viatu huko Mbale, simu inalia, anasema "niko Kiboswa hapa, naingia Kondele sasa hivi." Ukimkazia kidogo anaongeza "haki ya Mungu."

Hapo kwa "haki ya Mungu" ndipo mimi nimekwama. Someni Mathayo 5:33 hadi 37 polepole. Watu wa wakati wa Yesu walikuwa na ngazi ya viapo: kwa mbingu, kwa nchi, kwa Yerusalemu, kwa kichwa chako mwenyewe. Ukifika sura ya 23 unakuta walikuwa na mpaka sheria zake: ukiapa kwa hekalu si kitu, ukiapa kwa dhahabu ya hekalu umefungwa. Yaani walikuwa wametengeneza utaratibu mzima wa kujua ni maneno gani mtu anaruhusiwa kuyavunja.

Sasa tazameni ngazi yetu. "Nakuja" haina maana yoyote, ni kama kusema habari yako. "Nakuja kweli" inampa mtu matumaini kidogo. "Aki nakuja" ameshika mfuko. "Nikidanganya nife leo" ndiyo angalau unaweza kuanza kuchemsha chai. Kila ukipanda ngazi unamwambia mwenzako kwamba yale ya chini hayakuwa na uzito, na kesho utahitaji ngazi nyingine juu ya hiyo. Pesa zikichapishwa ovyo hushuka thamani, na ndivyo ilivyokuwa kwa "ndiyo" yetu. Ndiyo maana Bwana akasema, "maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu." Zamani nilidhani anakataza viapo tu. Siku hizi naona anakataza ile hali inayofanya viapo vihitajike.

Mfano mwingine ni wale ndugu wawili wa Mathayo 21. Baba anawatuma shambani. Mmoja anasema "Sitaki," halafu anajuta na kwenda. Mwenzake anajibu "Naenda, Bwana," na haendi. Huyu wa "Naenda, Bwana" ndiye mwenye adabu kuliko wote katika hadithi. Angepita vizuri sana kanisani kwetu, pengine tungemchagua mweka hazina.

Kikundi chetu cha nyumba kwa nyumba hapa Manyatta tumekubaliana kujaribu mambo fulani. Ukiulizwa uko wapi, taja mahali ulipo. Ukiwa hutaweza jambo, sema "sitaweza" na usibuni mgonjwa wa kukutetea. Mtu akikuambia umwombee, mwombee papo hapo, hata kama ni kwa simu mko barabarani, kuliko kusema "nitakuombea" halafu usahau kabla hujafika nyumbani. Hili la maombi limekuwa jepesi kuliko tulivyofikiri. La "sitaweza" limeleta maneno, kwa sababu kwetu huku kumwambia mtu hapana usoni kunahesabiwa kiburi. Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje.

BodaWaKondele

Dada hiyo ya kusema mahali ulipo haiwezekani kazini. Mteja akiuliza "uko wapi" nikisema niko Mamboleo anakata simu, anaita mwingine ambaye yuko Mamboleo vile vile lakini amesema yuko kwa geti.

Mwalimu_Maragoli

Nashukuru kwa uzi. Ila naomba "Mungu akipenda" isisulubishwe bure. Yakobo 4:15 inatuagiza tuseme hivyo: Bwana akipenda, tutaishi na kufanya hivi au hivi. Mkristo asiyesema "Mungu akipenda" ana hatari ya kujifanya mwenye kesho.

Tena mtume Paulo mwenyewe alishtakiwa kwa jambo hili hili. Aliwaahidi Wakorintho kuwatembelea, safari ikabadilika, wakaanza kusema kwamba mtu huyu ndiyo yake na siyo yake ni kitu kimoja. Ukisoma 2 Wakorintho 1 unaona lilimuuma. Hakusema "si mlijua nilisema Mungu akipenda?" Aliwaeleza sababu waziwazi: aliahirisha ili kuwahurumia, asije tena kwao kwa huzuni. Nadhani hapo tuna kipimo. Mipango hubadilika na kubadilika kwenyewe si uongo, lakini mwenzako ana haki ya kuelezwa, na aelezwe kabla hajakaa akikungoja.

Nyar_Kisumo

Mwalimu, nakubali. Yakobo alikuwa akimwambia mfanyabiashara aliyepanga mwaka mzima kana kwamba ameununua. Kwake "Bwana akipenda" ilikuwa ya mtu anayekusudia kwenda kweli. Sisi tunaitumia tukiwa tumeshaamua kutokwenda, halafu asiyependa anakuwa Mungu.

Fundi_Charahani

Mimi nashona. Acheni niwaeleze upande wa pili wa meza, kwa sababu mafundi tunatukanwa sana kuhusu ahadi.

Mteja anaingia na kitenge, anasema harusi ni Jumamosi hii. Si kweli, harusi ni Jumamosi ile nyingine. Amesogeza tarehe kwa sababu anajua fundi huchelewa. Mimi nami najua wateja husogeza tarehe, kwa hiyo naitikia "njoo Ijumaa, mama" huku nikijua Ijumaa nitakuwa nimezama kwenye sare za shule. Tumedanganyana kwa heshima kabisa na kila mmoja alishamsamehe mwenzake mapema.

Kuna kitu wateja wengi hawajui. Fundi akipokea kitambaa, jambo la kwanza ni kukikata. Kushona kutafuata siku yake. Kitambaa kizima mteja anaweza kukidai akakipeleka kwa mwingine. Kikishakatwa mgongo, kifua na mikono, hana pa kwenda nacho, maana hakuna fundi anayependa kushona kilichokatwa na mkono mwingine. Vipande vinafungwa pamoja, vinaandikwa jina kwa chaki na kutupwa kwenye gunia chini ya meza. Hapo ndipo nguo yako inalala wakati mimi nakuambia kwa simu "naweka vifungo tu."

Sasa swali langu. Nikimwambia mteja ukweli kwamba yake itakuwa tayari baada ya wiki mbili na nusu, anakikunja kitenge chake na kuingia kibanda cha pili, ambako ataambiwa Ijumaa. Huko itatoka baada ya wiki tatu, na mwaka ujao atarudi huko huko. Hiyo "ndiyo" ya kweli mnayoisifu hapa, bei yake inalipwa na nani?

Nyar_Kisumo

Inalipwa na wewe, fundi. Sitakupamba maneno. Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na mmoja wao ni yule ambaye "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Biblia haikuficha kwamba kuna hasara. Wahubiri wetu ndio wanaoahidi kwamba ukisema kweli biashara itafurika. Wengine itafurika, wengine watafunga kibanda, na kweli itabaki kweli.

Lakini mteja naye asiachwe. Anayemsogezea fundi tarehe ya harusi na Jumapili anaongoza sifa, huyo ndiye aliyeanza.

Fundi_Charahani

Angalau umejibu bila kunipaka mafuta. Niongeze tu kwamba wateja wachache wanaoniambia tarehe ya kweli nawajua kwa majina, na nguo zao hazilali kwenye gunia.

MamaMahindi_Luanda

Wacha nichekeshe kidogo. Kila mtu anajua hadithi ya gorogoro (kopo la kupimia nafaka) iliyobonyezwa kitako ili mahindi yapungue. Muuzaji anakuapia "mama, kipimo ni kimoja soko lote," na hajadanganya, soko lote zimebonyezwa! Nasema hivi nikiwa muuzaji. Yangu inakaa juu ya meza imeangalia chini, ukitaka kitako kishike kwa mkono.

Ila mnunuzi naye hahubiriwi kamwe. Anashika maharagwe yangu, anakunja uso: "haya ni ya zamani, yana wadudu, hayataiva." Nampunguzia. Baadaye nasikia anamwambia jirani yake amepata maharagwe mazuri sana kwa bei ya kutupa. Mithali 20:14 imemwandika huyu: "Haifai kitu, haifai kitu, asema anunuaye, bali akiisha kwenda zake hujisifu." Sijawahi kusikia mahubiri juu ya mstari huu tangu niokoke. Kupatana bei si dhambi, sema "sina pesa hiyo, nina hii." Lakini kuyatukana maharagwe ambayo moyoni unayataka, huo ni uongo.

Rafiki_wa_Kaimosi

Nimefurahi kuona uzi huu kwa sababu sisi wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, tumelelewa ndani ya jambo hili, hata kama vijana wengi hawajui lilikotoka.

Wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani, Hotchkiss, Hole na Chilson, walifika Kaimosi mwaka 1902. Walikuja na desturi ya kutoapa, ambayo wazee wao huko Uingereza walikuwa wameifungiwa jela. Karne ya 17, mahakama ikitaka kumkomesha Quaker haikuhitaji kutafuta kosa, ilimpa Biblia aape. Akikataa, ndilo kosa. Mwaka 1662 bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu dhidi ya waliokataa kiapo. George Fox, mwanzilishi wao, alisimamishwa mahakamani Lancaster mwaka 1664, akawaambia kwamba kitabu walichompa akibusu ndicho hicho hicho kinachosema msiape kabisa. Akarudishwa jela. Ni mwaka 1696 ndipo sheria ilipowaruhusu kuthibitisha tu bila kuapa.

Hoja yao ilikuwa kama ya dada Nyar: nikiapa leo kwamba nasema kweli, nimekiri kwamba jana nilipozungumza bila kiapo nilikuwa na ruhusa nyingine. Wengi wao wakapeleka jambo hilo dukani. Enzi ambazo kila kitu kilipatanwa, wao waliweka bei moja, mtoto akitumwa analipa sawa na mzee. Hapo mwanzo wateja waliwakimbia. Baadaye wakarudi, kwa sababu ungeweza kumtuma mtoto. (Fundi, sikuahidi kitu, nasimulia tu.)

Na kwa wanaodhani haya ni ya Wazungu wa kale: sheria zetu Kenya zina nafasi hiyo. Shahidi ambaye imani yake haimruhusu kuapa anathibitisha, na Jedwali la Tatu la Katiba ya 2010 limeandika kiapo au uthibitisho kwa ofisi kubwa kama za Rais, majaji na wabunge. Mimi niliwahi kuthibitisha mahakamani. Karani alinitazama kana kwamba nina la kuficha.

Mkweli_Daima

Hamna shida kubwa hapa. Mimi husema ukweli mtupu. Mtu akiimba vibaya namwambia ameimba vibaya. Akinenepa namwambia. Wanaonichukia wanachukia kweli.

Nyar_Kisumo

Ndugu, huenda wanakuchukia wewe tu. 😄

Waefeso 4:15 inasema tuishike kweli katika upendo, na mstari wa 25 unatoa sababu ya kuacha uongo: "kwa kuwa tu viungo, kila mmoja kiungo cha wenzake." Ukweli wako kuhusu unene wa mtu ambaye hakukuuliza unamjenga kiungo gani? Kusema kila unachokiona ni jambo moja, na kutosema usichokiamini ni jambo lingine kabisa. Uzi huu ni wa hilo la pili. Ukinyamaza juu ya uimbaji wa dada yule hujamdanganya. Akikuuliza, hapo ndipo kazi inaanza, na Mithali 27:6 inakupa ruhusa ukiwa rafiki. Ukiwa si rafiki, mwachie mwalimu wa kwaya.

KijanaWaUgunja

Swali kwa walimu. Rahabu alidanganya ili kuwaokoa wapelelezi, akawekwa kwenye orodha ya imani ya Waebrania 11. Wakunga wa Waebrania kule Misri walimwambia Farao hadithi, Mungu akawatendea mema. Wakija watu na mapanga wakitafuta jirani yangu niseme "yumo chumbani"? Kwa sisi tuliopitia ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 hili si swali la darasani.

Mwalimu_Maragoli

Si la darasani, na sitalijibu kwa wepesi. Wakristo hawajakubaliana juu yake tangu mwanzo. Augustino, aliyekuwa askofu Hippo katika Algeria ya leo, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja mnamo 395 na kingine mnamo 420, na alishikilia kwamba hata huo wa kuokoa uhai haufai. Wengine wengi wamesema muuaji hana haki ya kudai kweli kutoka kwako, na kwamba Rahabu alijua alichofanya.

Augustino anasimulia habari ya Firmus, askofu wa Thagaste. Alikuwa amemficha mtu, maafisa wa mfalme wakaja kumtafuta. Akawajibu kwamba hawezi kusema uongo wala kumtoa mtu huyo. Wakamtesa mwili, akabaki hapo hapo. Mwishowe akafikishwa kwa mfalme mwenyewe, ambaye alistaajabu na kumsamehe yule aliyefichwa. Nampenda Firmus kwa sababu aliona njia ya tatu: kukataa kujibu na kubeba matokeo mwilini mwake. Lakini sitamhukumu mama aliyesema "hawako hapa" usiku ule na watoto wa jirani wako chini ya kitanda. Sina mdomo huo.

Ninachokataa ni sisi kumtumia Rahabu kutetea "niko Kiboswa." Hakuna anayekufa ukisema bado unavaa viatu.

Sista_wa_Zamu

Mimi ni muuguzi, niongezee jambo ambalo naliona wodini mara kwa mara. Mama amelazwa, yuko dhaifu, na mwanawe amefariki wiki hiyo hiyo. Familia inakuja mlangoni kunong'ona: "Sista, asiambiwe." Kisha mama ananishika mkono ananiuliza, "Mbona yule haji kuniona?"

Simwambii "atakuja kesho." Hilo nimelikataa, kwa sababu akishajua atakumbuka ni nani aliyemtazama machoni akamwambia kesho, na hatakubali tena nikimwambia sindano hii haitauma sana. Ninasema, "Mama, hilo nataka uongee na kaka yako, namwita aje leo." Halafu natoka nje nawaambia familia wazi: ameuliza, mkae naye, mimi nitakuwa karibu na mashine ya presha. Mara nyingi mgonjwa alikuwa amekwisha kujua. Alichokosa ni mtu wa kulia naye, kwa sababu kila anayeingia analeta uso wa kuigiza.

Mwalimu_Maragoli

Sista, mfano huo huo uko kwa Augustino: mgonjwa mahututi anauliza habari za mwanawe aliyekufa. Alikiri kwamba swali hilo lilimtikisa. Jibu lako lina huruma kuliko la wengi wetu walimu.

Mtu_wa_Kwaya

Mimi ninyooshe kidole kwa harambee za kanisa. Mgeni rasmi anasimama, anataja kiasi, kigelegele, picha, anaondoka. Mwaka unaisha, mweka hazina bado anapiga simu. Na sisi wadogo vile vile na kadi zetu za ahadi.

Nyar_Kisumo

Anania na Safira, Matendo 5. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake na hata baada ya kuuza pesa zilikuwa katika uwezo wake. Angeleta nusu akasema ni nusu, angerudi nyumbani akala chakula cha jioni. Kilichomuua ni kutaka sifa ya yote kwa bei ya nusu. Kwa hiyo mwenye mia mbili aandike mia mbili kwenye kadi. Na viongozi wetu waache kusoma viwango kwa sauti mbele ya watu, wanawafundisha washirika kudanganya halafu wanawahubiria dhidi yake.

Mjukuu_wa_Bondo

Samahani kuingia mwishoni. Nina jambo la haraka. Mjomba wangu amefariki, mazishi ni Jumamosi, na mimi ndiye nimepewa kuandika wasifu wake. Alikuwa mlevi, aliiacha familia miaka mingi, shangazi alilea watoto peke yake kwa kuuza omena (dagaa). Ukoo unataka niandike "mume mwenye upendo na baba mwajibikaji." Pasta naye anasema marehemu hasemwi vibaya. Nimekaa na karatasi tangu jana.

Nyar_Kisumo

Pole sana, ndugu yangu. Poleni nyote.

Soma 2 Samweli 1 kabla hujaandika. Daudi anamlilia Sauli, mtu aliyemrushia mkuki na kumwinda nyikani. Angeweza kusema Sauli alimpenda kama mwana. Hasemi. Anataja nguvu zake vitani, anataja mavazi mekundu aliyowavika binti za Israeli. Hautaji mkuki. Hakuna uongo na hakuna tusi, na wimbo ule bado unasomwa.

Kwa hiyo andika aliyoyafanya kweli. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, kama alijua kupiga nyatiti au kuchonga mitumbwi, kama kuna mti alioupanda boma. Majina ya watoto wote, wote kabisa, hata wale ambao ukoo hautaki watajwe. Hiyo sentensi ya "mume mwenye upendo" iache tu, hakuna atakayekuja na kalamu kuiongeza wakati unasoma. Badala yake andika kwamba watoto walilelewa na mama yao kwa biashara ya omena. Ni kweli na hakuna wa kuipinga.

Ukimaliza, mpe shangazi asome kabla haijaenda kuchapishwa. Yeye ndiye atakayekaa kiti cha mbele.

Mjukuu_wa_Bondo

Ukoo utakasirika nikimpa kwanza.

MamaMahindi_Luanda

Wakasirike Jumapili. Mpe leo.